Majina Kumi na Manne katika Daftari la Modeste

Domitille alikuwa anapiga pasi vitambaa vya altare, katika chumba cha nyuma cha kanisa, Philémon alipoingia bila kuvua kofia yake ya pikipiki. Ilikuwa Jumanne ya juma la pili la Majilio, saa nne asubuhi. Philémon anaendesha pikipiki ya abiria, na alikuwa amepanga katika uwanja mmoja na Modeste, mdogo wake Domitille. Alisimama mlangoni, matope yamemfika magotini.

"Yaya Domi," akasema, akimwita dada mkubwa kama wote wa uwanja ule, "weka kwanza ile pasi."

"Kuko nini?"

"Ni Modeste. Asubuhi mapema tulimubeba na muke wake Carine ku pikipiki yangu, tukamuweka katikati yetu, tukamufikisha ku hopitali. Balimupokea, balimulaza. Haikupita hata saa moja. Modeste amekufa, yaya."

Domitille aliiweka pasi pembeni. Hakulia. Neno la kwanza lililomtoka mdomoni lilikuwa hili:

"Na kitabu? Alikuwa amekimaliza?"

Philémon akavua kofia, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba amesikia vizuri. Aligeuka, akarudi kwenye pikipiki yake. Lakini kabla ya jua kuzama, mtaa mzima wa Cimpunda ulikuwa unajua alichouliza dada wa marehemu. Wanawake walirudia swali lake penye bomba la maji, na jioni, alipofika kwenye matanga, Domitille alilisikia mwenyewe nyuma ya mgongo wake: "Huyu ndiye aliuliza kitabu."

Swali hilo lilianzia kwa baba yao. Mzee Ezéchiel alikuwa karani katika shamba la chai upande wa Walungu, na kila mwisho wa mwaka alitakiwa kuandika ripoti ya mwaka uliopita na mipango ya mwaka unaokuja. Aliipenda kazi hiyo mpaka akaileta nyumbani. Kila tarehe thelathini na moja Desemba, baada ya misa ya shukrani, kabla ya sufuria kufunuliwa, kila mtoto alisimama mbele yake akatoa bilan: Mungu alimpa nini, alifanya nini, atafanya nini. Mzee alipofariki, mama yao Adélaïde akakalia kiti chake. Macho yake yameshaingia ukungu, lakini masikio yanasikia vyema.

Benoît, mkubwa wao, anafanya kazi katika shirika moja la misaada, na bilan zake zilikuwa na asilimia. Domitille hakuolewa, aliongoza kwaya na kufundisha watoto wa kipaimara, na kila alichoahidi alikitimiza. Akisema watoto arobaini na wawili, Askofu aliwakuta arobaini na wawili. Modeste, kitinda mimba, alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari huko Bagira. Yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Mambo yaliyokwisha kufanyika aliyaandika kwa biki, kalamu ya wino. Mipango aliiandika kwa kreyo, yaani penseli, na kando yake aliweka kifutio.

Kila mwaka mpango wa kwanza ulikuwa ni uleule: kitabu, riwaya juu ya baba yao na shamba la chai. Na kila mwaka mambo yaligeuka katikati. Mwezi wa sita riwaya ilikuwa imekuwa hadithi tatu, mwezi wa tisa hadithi tatu zimekuwa moja, na Desemba Modeste alisimama akatangaza hiyo moja kwa uso wa furaha, kama mtu aliyepanda mahindi akavuna maboga na kuyapenda hayohayo maboga.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Kwetu mtu hazikwi kabla ya biografia yake kusomwa mbele ya kaburi, na familia nyingi za Cimpunda hazikuwa na mtu wa kuiandika. Walimwita Modeste. Alikuja siku ya kwanza ya matanga, akakataa kiti cha sebuleni, akaenda kukaa jikoni na wanawake wanaopika. Huko aliuliza maswali matatu: Marehemu alipenda kula nini? Nini kilimkasirisha? Ameacha nini katikati? Kesho yake alileta ukurasa mmoja, na watu waliousikia kaburini walisema: kweli, ni yeye. Siku moja mjane mmoja wa mtaa wa Funu alicheka mbele ya jeneza la mume wake, kicheko chema, kwa sababu ya sentensi moja ya Modeste. Naye Modeste hakuomba chochote zaidi ya sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mwishoni mwa mwaka uliotangulia kifo chake, siku ya bilan, alisimama kama kawaida.

"Kitabu, kurasa arobaini na moja. Halafu nikaona inanikatalia, nikaandika hadithi ya mupishi wa shamba. Niliisomea banafunzi yangu. Balinyamaza vizuri. Biografia, makumi mbili na tisa. Nimeacha kuandika neno 'hata hivyo'. Ni yote, maman."

"Mudogo wangu," akasema Benoît, "ile riwaya yako iko na miaka ngapi sasa? Ingekuwa mutoto, ingeanza sekondari."

"Na ingefeli, grand frère, sawa vile weye ulifeli mu Latini."

Walicheka wote, hata mama. Domitille peke yake hakucheka. Aliinuka, akachukua daftari mikononi mwa mdogo wake.

"Kila mwaka kreyo. Unaandikaka na kreyo juu upate kufuta. Yesu alisema ndiyo yenu iwe ndiyo. Hakusema iwe kreyo."

"Yaya, mwaka iko murefu. Miye nitajua namna gani mwezi wa sita itanikuta wapi? Kreyo si uvivu. Ni kumuachia Mungu nafasi."

"Usimuweke Mungu mu uvivu yako!"

Hapo mama Adélaïde akafungua mdomo. Alisema polepole, uso umeelekea mahali ambapo hakukuwa na mtu: "Miye ningependa waniwekee mu mikono kitabu yenye jina ya baba yenu, kabla sijakufa."

Modeste aliinamisha kichwa. Domitille alileta Biblia, akaichukua mikono ya mdogo wake, mtu mwenye miaka arobaini na mitatu, akaiweka juu ya Biblia hiyo, na akamtamkisha neno kwa neno: Nitamaliza kitabu kabla ya Noeli. Kisha akachukua biki, na juu ya maneno ya kreyo akaandika yaleyale kwa wino wa buluu, kwa nguvu, mpaka ukurasa wa chini ukapokea alama.

Ndivyo mwaka ulivyoanza. Mwezi wa pili vita viliingia mjini. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, benki zikabaki zimefungwa, na watu wakafa kwa njia zote ambazo watu hufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kukosa dawa ya sukari. Familia zilikuja kwa Modeste kwa wingi kuliko mwaka wowote. Na Modeste, kwa mara ya kwanza, akasema hapana.

Wa kwanza kukataliwa alikuwa mzee mmoja muuza maharage. Baadaye alikataliwa Maman Nathalie, jirani wa ng'ambo ya mtaro, aliyekuja baada ya kufiwa na mume wake Fabien. Fabien alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Vyuma vyote vya madirisha ya kanisa ni kazi ya mikono yake. Mjane alikaa saa nzima katika nyumba ya Modeste. Alipewa chai. Aliambiwa kwamba kuna nadhiri. Fabien akazikwa kwa jina, tarehe mbili na amina.

Mwezi wa sita Modeste alipanda mpaka kwa dada yake. Alikuwa amekonda.

"Yaya, nifungue ile nadhiri. Niache nifute, niandike kitu ingine. Batu banakufa na miye ninafunga mulango."

"Wino haifutikake, Modeste."

"Basi niulizie padri."

Domitille alimwuliza, maana hajawahi kusema atafanya kitu asikifanye. Padri Mardochée hakufikiri hata dakika moja. "Nadhiri ya kusukumwa si nadhiri," alisema. "Mwambie mdogo wako yuko huru. Na akiona bado kuna uzito moyoni, aje kwangu."

Domitille alishuka ngazi za parokia akiwa na jibu hilo mdomoni. Njiani alimfikiria mama yake na mikono yake mitupu. Akafikiri: imebaki miezi sita tu, kwa nini nimvunje nguvu? Nitamwambia baada ya Noeli. Modeste alipopiga simu, alimjibu kwamba padri amesema atamwombea.

Kuanzia Septemba Modeste alikuwa na homa na tumbo. Carine, mke wake, alikuja kulalamika: "Yaya, anakataa kwenda kupima. Anasema sura hii kwanza. Akimaliza anasema hii ingine kwanza." Domitille alimpa maji ya baraka katika chupa ndogo, na biki tano mpya. "Umuambie avumilie. Imebaki kidogo." Maneno hayo atayajibu mbele ya Mungu. Ilikuwa tifo, homa ya matumbo, na usiku wa kuamkia Jumanne utumbo ukatoboka.

Siku ya pili ya matanga, Benoît aliwaita ndugu katika chumba cha kulala cha marehemu, kompyuta juu ya magoti.

"Tunahitaji biografia. Nimeanza: 'Mwandishi mashuhuri wa Kivu ya Kusini.' Sasa tuweke vitabu vyake. Kimoja, kiko mu uchapaji."

"Ni uongo," akasema Domitille.

"Ni heshima! Unataka tusome nini? Taux ya réalisation, asilimia ya utimizaji: zéro? Weye mwenyewe ulimuimbia kitabu mwaka muzima."

Carine, aliyekuwa amekaa chini na kitenge kichwani, alisema bila kuinua macho: "Kiko na sura kumi na moja. Ilibaki moja." Kisha akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa daftari, akampa Domitille. "Uchukue. Ni mukono yako iko ndani."

Domitille alilifungua. Wino wake wa buluu ulikuwa palepale, juu. Kwenye mistari iliyofuata hakukuwa na kreyo hata kidogo. Kulikuwa na kichwa cha habari kwa biki: *Mwaka huu, niliowakataa.* Na chini yake majina kumi na manne, kila moja na tarehe. Modeste aliandika kwa biki yaliyokwisha kufanyika, na haya yalikuwa yamefanyika. Jina la kumi na moja lilikuwa la Fabien. Kando yake Modeste aliandika: *Maman Nathalie alikaa saa nzima. Nilimpa chai tu.*

Alisoma majina yote. Alipofika mwisho, alimwambia Benoît afunge kompyuta.

"Biografia nitasoma miye. Nitasoma hawa kumi na ine, kila mutu na neno yake. Ni deni yake, na miye ndiye nilimutia mu deni."

"Mbele ya batu? Mbele ya wakubwa wangu wa kazi? Domi, uko na wazimu."

"Mazishi ni kesho kutwa. Niko na siku mbili."

Alipanda pikipiki ya Philémon. Philémon hakumsemesha, lakini alimpeleka kila alipoonyeshwa. Kwa kila familia alikaa jikoni, akauliza maswali matatu ya mdogo wake. Nyumba mbili zilimfungia mlango, na majina hayo akaamua kuyasoma bila neno. Nyumba moja ilimwambia aende akakiulize kitabu chake. Mjane wa muuza maharage alimwambia kwamba mzee alipenda ndizi za kuchoma na aliacha mlango wa choo bila komeo. Alisema hivyo huku analia na anacheka. Domitille aliandika kila kitu.

Kwa Nathalie alifika mwisho, Alhamisi saa kumi. Nathalie alikuwa anachambua mboga. Hakusimama.

"Sasa munajua njia ya kwangu," akasema.

"Maman Nathalie, nimekuja kuomba musamaha. Kesho ku kaburi nitasoma majina ya wote Modeste alikataa, kila mutu na neno yake, hata Fabien."

"Musamaha iko bei gani leo? Bwana yangu balimuzika sawa mutu asiye na historia. Jina, tarehe mbili, amina. Tukirudi, mutoto wangu akaniuliza mu njia: maman, kumbe papa hakufanyaka kitu? Weye ungemujibu nini?"

Nathalie aliendelea na mboga. Halafu akasema, kama mtu anayezungumza na sufuria:

"Fabien hakuweza kuvumilia mulango ya chuma inalia. Hata ya mutu asiyemujua. Alitembeaka na kachupa ka mafuta mu mufuko. Tunaenda misa, anasimama ku portail, geti ya batu, anatia mafuta, tunachelewa. Ndiyo ilikuwa inanikasirisha. Sasa portail zote zinalia."

Domitille aliandika.

"Nitakuja," akasema Nathalie. "Si kwa ndugu yako. Nitakuja na mutoto wangu asikie. Fabien iko wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

"Umupandishe. Umusome wa kwanza, ao wa pili. Mvua ya mwezi hii haingojake mutu."

"Orodha iliandikwa na marehemu," akasema Domitille. "Nitafuata vile alipanga. Siwezi kubadilisha."

Nathalie alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Sawa," akasema. "Weye ni mutu ya wino."

Ijumaa misa ilianza saa nne. Kwaya iliimba bila kiongozi wake. Padri Mardochée alihubiri juu ya huruma na hakumtazama Domitille. Saa saba walifika makaburini, juu mlimani, na walikuta majeneza mengine matatu yakingoja zamu upande wa chini. Mawingu yalikuwa yameshashuka. Mama Adélaïde alikalishwa kwenye kiti cha plastiki. Nathalie alikuja kweli. Alisimama nyuma, karibu na udongo uliochimbwa, akimshika mtoto wake bega.

Domitille alisogea mbele na karatasi zake. Alisema jina la mdogo wake na siku aliyozaliwa. Alisema kwamba alifanya kazi miaka miwili huko Lwiro akinakili kadi za maktaba, kisha akafundisha miaka kumi na minane. Alisema kwamba hakumaliza kitabu. Halafu akasema kwamba mwezi wa sita padri alimfungua Modeste, na yeye Domitille alilificha jibu. Watu walinung'unika. Mama Adélaïde aliuliza kwa sauti, "Anasema nini? Domi anasema nini?" na hakuna aliyemjibu. Benoît alimshika dada yake mkono, lakini Domitille akajinasua.

Alianza majina. Wa kwanza, muuza maharage. Wa pili. Wa tatu. Alisoma polepole, kama alivyowafundisha watoto wa kipaimara kusoma masomo, na baada ya kila jina alisoma neno lake. Kwenye jina la sita matone ya kwanza yakaanguka. Kwenye la nane miavuli ikafunguka. Wachimbaji walianza kuangaliana. Mmoja akasema, "Maman, shimo inajaa maji, na bengine banangoja."

Alisoma la tisa. Padri akainua mkono. "Domitille, inatosha. Mungu anawajua waliobaki."

"Wamebaki watano tu, padri."

"Inatosha, mwanangu."

Alikuwa na nafasi ya jina moja. Kila mtu aliyekuwa karibu aliliona hilo, na Nathalie alisogea hatua moja mbele, akimsukuma mtoto wake taratibu ili asikie. Domitille aliangalia karatasi. Macho yake yalishuka mpaka la kumi na moja, yakarudi juu. Akafungua mdomo, akasoma la kumi. Lilikuwa jina la marehemu wa moja ya zile nyumba zilizomfungia mlango, lisilo na neno lolote.

Benoît akawapa ishara wachimbaji, na mvua ikaanguka yote kwa pamoja.

Nathalie alimfunika mtoto kichwa kwa mfuko wa plastiki, wakageuka wakashuka. Domitille aliita, "Fabien! Fabien alikuwa anatia mafuta—" lakini mvua ilikuwa kubwa, na wale wawili hawakugeuka.

Jeneza lilishushwa kwa kamba mbili. Lilitoa sauti ya maji lilipofika chini. Padri alisema sala ya mwisho kwa ufupi na kurusha maji ya baraka, ingawa kila kitu kilikuwa kimelowa. Mama Adélaïde aliinuliwa, akawekewa udongo katika kiganja, akautupa; uliangukia pembeni. Carine alitupa wake. Benoît alitupa wake. Domitille alitupa wake mwishoni, karatasi zikiwa zimemganda mkono mwingine. Wachimbaji walijaza shimo kwa majembe, wakapigilia msalaba wa mbao ulioandikwa kwa rangi nyeupe: Modeste, 1981–2025. Kisha jeneza lililofuata likapandishwa, na watu wa Modeste wakashuka kuwapisha.